Ukungu Ndani ya Lenzi

Kila Alhamisi baada ya Alasiri, hapa Ibra,
chumba cha nyuma cha duka la matairi la Muhanna,
tunavua viatu na kutandaza picha mkekani.
Sheria ni moja: mwenye halwa vidoleni
asiguse karatasi.
Nyingine zote huvunjwa.

Ghalib huzivunja akizihubiri.
Lenzi yake nene kama paja la mbuzi,
anailipa kidogo kidogo, na mkewe hajaambiwa bei.
"Upeo usiwakate watu shingo," anatwambia,
"mlango usiuweke katikati kama picha ya pasi,
usogeze kwenye theluthi, ukuta upate kupumua."
Na Raya wa maabara, bila kuinua macho:
"Kuta za Minzfa zilikuwa zikipumua
kabla babu yako hajaota meno."

Raya ndiye huingia soko la wanawake Jumatano,
wanaume tukibaki nje na mapaja yetu ya mbuzi.
Mara moja alileta mikono minne
juu ya wanja na ubani, uso hata mmoja hakuna.
"Walisema wenyewe: chukua mikono, nyuso tuachie."
Tuliigombea ile picha hadi adhana.
Suleyum alisema kivuli kimezidi.
Mimi nilisema kivuli ndicho kilichoibeba.

Lenzi yangu mimi ni ya marehemu baba,
milimita hamsini, ya chuma, aliinunua Darajani
akaja nayo huku ndani ya soksi.
Ina ukungu.
Si ule wa alfajiri. Ule mwingine,
unaoota kwenye mkate, na kwenye kuta za Unguja masika yakikolea.
Fundi wa Ruwi aliimulika tochi akanionyesha:
vijizizi vyeupe vimetambaa kiooni.
"Riali ishirini nakusafishia.
Lakini usiilaze na nyenzake, itaziambukiza."

Nikasema nitarudi.
Sikurudi.
Hapa ambapo nguo ya kwanza hukauka
hujamaliza kuanika ya tatu,
ule ndio unyevu pekee niliorithi.

Basi nikatengwa. Begi la pamoja likafungwa zipu mbele yangu.
Lenzi ya baba hulala peke yake, kwenye kopo la mchele,
kama mgonjwa wa ndui.
Nikitandaza zangu, Ghalib hupangusa miwani, makusudi,
akauliza kama jana mvua ilinyesha.

Wiki iliyopita alinisubiri nje, penye viatu,
akitafuta kiatu alichokwisha kukivaa.
"Ile yako," akasema, "yenye maradhi. Niazime siku mbili."
"Na ile ya mkopo?"
"Ile inaona mno."
Kisha, akiyatazama matairi: mama ana mtoto wa jicho,
macho yote mawili, upasuaji mwezi ujao, anauogopa.
"Kila siku ananieleza ua wetu ulivyokuwa.
Naitikia, ndiyo mama. Sijui ninachokiitikia."

Leo ameleta moja tu.
Ua. Mndimu. Kamba ya nguo.
Kamera aliiweka juu ya kiti cha mama, akaitega,
akakimbia kwenda kusimama mlangoni
pale anapotokea kila jioni akirudi kazini:
doa jeupe la kanzu, halina uso,
na mwanga umevimba pembeni
kama maziwa yanayotaka kufurika.
Doa liko katikati kabisa. Kama picha ya pasi.

Tuliizunguka. Muhanna alishika birika, hakumimina.
Raya alifuta vidole mara mbili ndipo akaichukua,
akaisogeza karibu, akaisogeza mbali,
akairudisha mkekani taratibu.
Theluthi hakuna aliyeitaja.

Mwisho Suleyum, ambaye kimya humwasha,
akauliza: "Lenzi uliifungua kiasi gani?"
"Yote," akasema Ghalib.
"Iliyobaki ni yake mwenyewe."

Begi la pamoja bado lina zipu.
Yangu nimeirudisha mcheleni.
Ghalib ameniomba tena, Jumapili;
mama anataka kujua
mndimu ule, kwetu sisi, una rangi gani,
na yeye hajui amwonyeshe kwa lipi kati ya macho mawili.